Sio nyama uzembe: ngozi iliyobaki tumboni baada ya operesheni ya kupunguza uzito, nimepitia mwenyewe

#1 Upepo wa Kusi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi, leo nafungua uzi kwasababu ndani ya wiki moja nimepigiwa simu na wadada watatu wasiojuana, wote swali moja, nimepungua lakini tumbo limegoma nifanyeje, na wote wanaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyeiba kitu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo naandika yote, ni ndefu, mwenye haraka apite tu hatugombani.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 41, nipo Dar. Agosti 2022 nilikuwa na kilo 131 kwa urefu wa sentimita 163, yani BMI, kile kipimo cha uzito kwa urefu, ya 49. Presha natumia vidonge viwili, sukari imeshaanza kupanda, usiku nakoroma mpaka pumzi inakata mume wangu ananitikisa. Nikaenda India nikafanyiwa slivu, ile wanayokata mfuko wa chakula wanaondoa kama robo tatu au zaidi unabaki na kimfuko chembamba kama ndizi. Hiyo siielezei sana leo. Kifupi ilifanya kazi, mwaka wa kwanza nilishusha kilo 47, baadae zikaondoka nyingine 8, nikasimama kwenye 76 na nipo hapo hapo mpaka leo. Dawa za presha niliachishwa, sukari imetulia, nalala usiku kama mtoto.

Sasa tumbo. Nikisimama mbele ya kioo naona uso mwembamba, shingo ipo, mabega yapo, afu chini kuna kitu kama aproni ya mama ntilie imefungwa kiunoni inaning'inia mpaka inafunika kinena. Nikioga nalibeba kwa mkono mmoja, nasafisha kwa mwingine. Na kule chini ya lile kunjo ndo kulikuwa na kesi yenyewe, joto la Dar la mwezi wa kwanza mnalijua, jasho halina pa kutokea, ngozi kwa ngozi inasuguana, fangasi wakaweka makazi. Nilikuwa napaka poda, baada ya saa mbili imegeuka kama unga wa ngano uliomwagiwa maji, imeganda kwenye mkunjo na ikitoka inatoka na ngozi. Nikaanza kukata kanga kuukuu vipande vipande, nakunja napachika pale, nabadilisha chooni ofisini mara tatu kwa siku, vya kufua narudi navyo nyumbani kwenye mfuko. Nilikuwa naoga asubuhi, mchana, jioni, na bado nikiingia kwenye lifti najibana kona kwa kuogopa harufu.

Siku moja nikapeleka kitenge kwa fundi wangu, mzee wa watu ananishonea tangu sijaolewa. Akazungusha tepu kiunoni, akasimama kidogo, akauliza kwa upole kabisa, mama nikupime ukiwa umelipandisha au umeliachia? Akapima yote mawili, tofauti sentimita 14, akaandika zote kwenye daftari lake. Hakuwa na nia mbaya, alitaka nguo ikae. Lakini nilifika nyumbani nikakaa kitandani na ule mfuko wa kitenge mapajani nikalia mpaka adhana ya magharibi, kwasababu mimi nilishakatwa, nilishateseka na supu wiki nzima, nilishanyonyoka nywele, nikaona nimelipa bei yote kumbe bado.

Na watu hawakuniacha. Shangazi anasema hizo nyama uzembe fanya mazoezi. Mama anasema ni kwasababu nilipojifungua wa pili kwa kisu sikufungwa tumbo vizuri, eti ningefungwa kanga siku 40 lisingelegea. Mwalimu wa jimu akanipa sit up 300 kwa siku na kamba, nikiruka linapiga mapaja pa pa pa mpaka wenzangu wanageuka. Nikanunua mkanda wa kubana, nikanunua chai ya kupunguza tumbo Kariakoo ikaniendesha siku nne nikaishiwa nguvu nikaanguka jikoni. Mwaka mzima nimejipiga namna hiyo na tumbo halikupungua hata kidole kimoja.

Naomba mnisikilize kwa hili moja tu hata mkisahau mengine yote. ILE HAIKUWA NYAMA UZEMBE. Haikuwa uzembe wa aina yoyote. Ilikuwa ngozi tupu na mafuta kidogo, na ngozi haina misuli ya kuifanyia mazoezi. Ngozi inavutika na kurudi kwasababu ya nyuzi nyuzi zilizomo ndani, kolajeni na elastini, zikivutwa miaka 15 zinakatika na kuchoka. Chukua lastiki ya sketi ya shule iliyovaliwa na watoto watatu kwa kupokezana, uilaze, uifue, uipigie pasi, hairudi. Ndo hiyo.

Nitaendelea na nilichofanya, nijibu kwanza simu ya kazini.

#2 mwanambuyu

Hongera sana dada kwa safari, ila mimi kidogo napingana na wewe. Nilikuwa 104 nikashuka mpaka 82 kwa kukimbia na chuma tu bila kisu na tumbo likaisha lenyewe, ngozi ikajivuta. Nahisi watu wanakata tamaa mapema sana, na ukiwaambia watu mazoezi hayasaidii unawapa kisingizio.

#3 Upepo wa Kusi

Mkuu nashukuru kwa kusema wazi. Wewe umeshusha kilo 22, mimi 55. Na nina hakika umri wako bado, hujabeba mimba, na huo unene hukukaa nao miaka 15. Ngozi ya kijana inarudi vizuri, ya mtu aliyevuta sigara inarudi vibaya, kuna walioumbwa na ngozi ngumu tangu kwao. Sijasema mazoezi hayasaidii, mimi mpaka leo nabeba vyuma mara tatu kwa wiki, misuli ikijaa mikono na mapaja yanaonekana vizuri zaidi na uzito haurudi. Ila yule wa kilo 55 ukimwambia afanye kama wewe na lisipoondoka, anachojifunza ni kwamba yeye ni mvivu, na atarudi kula. Nimeona wawili wamerudia hivyo.

#4 Nesi wa Zamu

Mleta uzi umenigusa, mimi nipo wodi ya upasuaji miaka 11, naomba niongezee maana watu wanachanganya vitu vinne tofauti wote wanaita tumbo.

Lala chali sakafuni bila nguo ya kubana. Kama tumbo linamwagika pembeni na ukilishika kwa vidole viwili unapata kitu chembamba chenye mikunjo kama kitambaa, hiyo ni ngozi. Ukishika ukapata donge nene linalojaa kiganja, hayo ni mafuta ya chini ya ngozi, na hayo bado yanaweza kupungua kwa kula na kutembea. Kama ukisimama tumbo limetokeza mbele gumu kama ngoma na huwezi kulifinya, hayo ni mafuta ya ndani yanayozunguka utumbo, ndo mabaya zaidi kwa sukari na moyo, na ndo ya kwanza kuondoka mtu akianza kupungua, kwa hiyo mliofanyiwa operesheni mengi yameshaondoka hata kama kioo hakiwaambii. La nne, ukiwa umelala hivyo hivyo nyanyua kichwa tu, kama katikati ya tumbo kuna kitu kinainuka kama mgongo wa samaki kuanzia kifuani mpaka kitovuni, hiyo ni misuli iliyoachana, sana sana kwa waliozaa. Hiyo sit up za fujo zinaweza kuizidisha, kuna mazoezi yake taratibu na wengine lazima kushonwa. Na ukikohoa kikatokea kivimbe kimoja mahali pamoja, hasa karibu na mshono wa zamani au kitovuni, uache kubashiri uende hospitali, inaweza kuwa henia, yani utumbo unapenya kwenye uwazi wa misuli.

Kuhusu kufungwa kanga baada ya kujifungua, kunamsaidia mama asikie kushikwa, mgongo unapumzika, ila ngozi iliyovutika haiirudishi. Mama zetu wasilaumiwe na wao wasilaumu.

Kwa fangasi, dada pole sana, poda kweli inageuka uji. Osha, kausha kwa kugandamiza na taulo laini sio kusugua, feni ya baridi dakika kadhaa kabla ya kuvaa, dawa ya fangasi ya kupaka kama klotrimazoli kwa muda uliopewa hata kama muwasho umeisha siku ya tatu, na kitambaa cha pamba katikati kama ulivyofanya na kanga. Usipake zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi unazouziwa dukani bila kuuliza, zinatuliza siku mbili afu fangasi wanasambaa na ngozi inakuwa nyembamba. Pakianza kutoa maji, usaha au homa, usisubiri.

#5 Malindi Kwetu

Mwenzenu nasoma huku machozi yanitoka. Mimi nilifanyiwa baipasi Nairobi, ile wanayopunguza mfuko wa chakula na kuuunganisha na utumbo mbele zaidi, nimepoteza kilo 48, tumbo na mikono yote yaning'inia, nikipunga mkono kumuaga mtu nyama yapiga yenyewe. Nikaenda kwa bima ya kazini wakanambia huo ni urembo, hawalipi. Urembo! Nina vidonda chini ya tumbo mwezi wa tano sasa.

Pia nataka niwaonye na jambo jengine. Mgongo ulikuwa waniuma kwa huo uzito wa ngozi, nikawa nameza diklofenaki kutoka duka la dawa kila siku kama peremende, hakuna aliyenambia, mwisho nikatapika kitu kama kahawa iliyosagwa. Kidonda pale walipounganisha utumbo. Aliyefanyiwa baipasi asiguse diklofenaki wala ibuprofeni mpaka daktari wake ajue, na uwaambie wale wa duka la dawa pia maana wao hawakujui.

#6 Nesi wa Zamu

Dada wa Malindi pole mno, ulichotapika ilikuwa damu na umeokoka. Parasetamoli ndo ya kwenu. Kuhusu bima, usiende tena mikono mitupu. Kila ukipata vidonda nenda kituoni viandikwe kwenye faili, tarehe, dawa uliyopewa, kama vilirudi, na upige picha. Kuna operesheni mbili watu wanazichanganya. Moja inakata tu lile pazia linaloning'inia, panikulektomi, nyingine ni abdominoplasti, hiyo inakata ngozi, inavuta juu, inashona misuli na kuhamisha tundu la kitovu. Ile ya kwanza ndo inaweza kuombewa kama tiba pale ambapo vidonda vimegoma miezi kadhaa. Sio uhakika watalipa ila karatasi zinasema kuliko maneno.

Na wanaosema ni urembo wa watu wa mitandaoni, mwaka 1899 kule Baltimore Marekani daktari Howard Kelly alishaikata ngozi ya tumbo ya mgonjwa, zaidi ya kilo 7 kwa mara moja. Instagram ilikuwa haijaota hata ndotoni. Ulikuwa mzigo, akautua.

#7 Kaka Mkubwa

Naomba nichangie kwa heshima maana naona kinamama tu. Wanaume tupo. Nilikuwa 158, slivu, sasa 97. Tumbo ni hivyo hivyo ila kinachonimaliza ni kifua, kimelegea kama cha mwanamke aliyenyonyesha. Ufukweni siendi, mpira na wenzangu timu ya kuvua mashati mimi naomba golikipa ili nivae. Watoto wangu wananiuliza baba kwanini unaoga na fulana tukienda Bagamoyo. Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili zaidi ya mke wangu, na leo nyie.

#8 Upepo wa Kusi

Kaka yangu asante kwa kusema. Sikujua ningempata mwanaume kwenye huu uzi, karibu, na hicho kifua kinatibika, madaktari wale wale.

Naendelea sasa.

Nilipochoka na jimu nikaingia mitandaoni nikapata sehemu wanatangaza laiposaksheni, ile ya kufyonza mafuta, unaingia asubuhi unatoka jioni. Nikaenda. Dokta akaniangalia dakika tano, akachora kwa kalamu tumboni, akanambia tunafyonza hii yote lete nusu ya pesa kesho. Hakuuliza nimefanyiwa nini kabla, hakupima damu, hakunigusa hata ile misuli. Nilikuwa natoa pesa kweli, kilichoniokoa ni dada mmoja tuliyekaa naye pale benchi aliyekuja kurudisha malalamiko, akafunua akanionesha. Walimfyonza mafuta, ngozi ikabaki, sasa mfuko ulikuwa mtupu zaidi, mabonde mabonde. Mwili wenye ngozi ya kuning'inia kufyonza peke yake kunatoa kilichokuwa kinaishikilia. Niliinuka nikaondoka.

Dokta wa pili, mwingine kabisa, ni yule ambaye kila mtu anamlalamikia kwamba anachelewesha. Na mimi nilimlalamikia. Alinipima damu kwanza, hemoglobini 8.9, yani damu pungufu, akiba ya chuma iko chini kabisa, vitamini B12 chini, vitamini D chini. Akanambia nikikukata leo kidonda hakitafunga, nenda kale. Miezi mitano! Nilitoka nimekasirika nikamsema njia nzima.

Lakini ndo nikagundua nilikuwa nimekonda na njaa ya ndani. Unajua sisi tukikaa mezani tunaanza na ugali au wali, na tumbo la slivu likishapokea vijiko sita limejaa, kitoweo kinabaki sahani. Miaka miwili nilikuwa nakula hivyo. Vidonge vya vitamini nilivyopewa India vilipoisha sikununua tena, nikajiona mzima. Aliyekatwa tumbo vitamini ni maisha yote jamani, sio dozi ya malaria. Nikageuza sahani, naanza na samaki au dagaa au kuku, namalizia na ugali vijiko viwili kama nafasi ipo. Mayai mawili asubuhi, yai moja lina kama gramu 6 za protini, maziwa ya mtindi saa nne, maharage, karanga. Lengo aliniwekea gramu 80 kwa siku. Chuma niliwekewa kwa dripu kwasababu vidonge havikutosha. Mwezi wa tatu nywele za pembeni zikaanza kurudi, kucha zikaacha kukatika, na kusema ukweli hata ile ngozi ya chini vidonda vilianza kupona vyenyewe.

Masharti yake mengine aliyonipa, nayaandika kama nilivyoyashika. Uwe umemaliza mwaka na nusu hivi tangu operesheni ya kwanza, uzito uwe umesimama miezi sita sio unashuka wala kupanda, maana ukikata ukiwa bado unashuka italegea tena. Uwe umemaliza kuzaa kama unaweza, mimba inaweza kuivuta upya misuli iliyoshonwa. Sigara, shisha, kila kitu cha moshi acha angalau wiki nne kabla na baada, mishipa midogo ikibana ngozi inakufa kwenye mshono.

#9 zawadi_ya_mwisho

Dada mimi sijakatwa, niliwekewa puto ndani ya mfuko wa chakula hospitali ya Mloganzila, limeshatolewa, nimeshuka kilo 19 na tumbo limelegea kiasi. Na mimi nifanye hii?

#10 Nesi wa Zamu

Zawadi, puto halikati kitu, linaingizwa kwa mdomo na kutolewa kwa njia hiyo hiyo, na baada ya kutolewa hamu inarudi, uzito wa wengi unayumba. Usikimbilie kisu kwa ngozi wakati hujajua kilo zako zitasimama wapi. Kilo 19 ngozi inaweza kujivuta yenyewe kwa mwaka mmoja hadi miwili. Kula protini, beba vyuma vyepesi, subiri.

#11 Upepo wa Kusi

Naam, msikilize nesi.

Novemba 2024 nikafanyiwa, hapa hapa Dar. Niliamua hapa kwasababu ile ya kwanza nilifanyiwa mbali nikarudi na ndege, na hii ya ngozi jeraha ni kubwa zaidi, matatizo yake yanakuja wiki ya pili ya tatu ukiwa nyumbani, unataka dokta aliyekukata awe umbali wa bajaji. Na kukaa kwenye ndege saa nyingi na jeraha kama lile damu inaweza kuganda miguuni.

Nusu kaputi, saa nne na nusu mezani. Walinikata kutoka nyonga mpaka nyonga, na mstari mwingine wa kusimama katikati kwasababu ngozi ilikuwa imezidi pande zote. Wakashona misuli. Walichotoa walikipima, kilo 3.4. Nilikionesha kwenye simu kwa mume wangu, akanyamaza muda mrefu afu akasema ulikuwa unabeba hicho ukienda kazini?

Siku ya kwanza tu usiku wakaniamsha nitembee. Unatembea umepinda kama bibi anayeokota mchele, huwezi kunyooka wiki nzima na usijilazimishe. Nililala nimeinuliwa mgongo na mito miwili chini ya magoti. Mipira miwili ya kutolea maji inaning'inia pembeni, unaandika kila siku yametoka mililita ngapi. Sindano za kuzuia damu kuganda. Na vazi la kubana, wiki sita usiku na mchana, kwa joto lile, nunueni mawili moja linafuliwa moja linavaliwa.

Na haikwenda laini. Siku ya 16, mipira imeshatolewa, nageuka kitandani nikasikia maji yanacheza ndani kama dumu lisilojaa. Nikadhani nakufa. Kumbe ni seroma, maji yanajikusanya pale ngozi ilipoachanishwa na nyama, inatokea mara nyingi. Wakavuta kwa sindano mililita 180, wiki iliyofuata 90, ikaisha. Halafu pale mistari miwili inapokutana pakafunguka kama shilingi, nikawa nasafishwa siku mbili mbili kwa wiki tano. Mwenye sukari isiyotulia hiyo sehemu inaweza kumsumbua zaidi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni ganzi. Chini ya kitovu mpaka leo sihisi vizuri. Mama kwa mapenzi yake akataka kunikanda na maji ya moto kama mzazi, nikamzuia dakika ya mwisho, ningeungua bila kujua. Waambieni mama zenu mapema, hakuna kukanda.

#12 Malindi Kwetu

Na kovu je? Sisi ngozi yetu hii, mimi nilitoboa sikio likaota keloidi, kovu la kuvimba.

#13 Upepo wa Kusi

Kovu lipo, refu, jeusi, linakaa chini ya usawa wa chupi ila ule mstari wa katikati unaonekana. Mimi upande wa kulia limeinuka kidogo, nabandika plasta za silikoni na nilichomwa sindano mbili za steroidi palipokuwa pananiwasha. Kwa historia ya sikio lako mwambie dokta kabla hajashika kisu, sio baada. Kuna watu watapewa mpango wa kovu tangu siku ya kwanza na kuna watu wataamua bora ngozi kuliko kovu, na huo ni uamuzi halali kabisa. Mimi nachagua kovu, kovu halitoi jasho wala harufu.

Mlioniuliza bei inbox, mimi yote na vipimo, dawa, vazi, usafiri wa kufunga kidonda ilikula kama milioni 11 za Kitanzania. Nilicheza vikoba viwili. Usikope pesa ya riba ya kila wiki kwa jambo hili, ngozi itakusubiri.

#14 mwanambuyu

Dada nimerudi. Nimesoma yote. Mama yangu mdogo alikatwa tumbo mwaka juzi na mimi ndo niliyekuwa namwambia piga sit up. Nimempigia sasa hivi kumwomba radhi, kumbe ana vidonda chini ya tumbo na alikuwa hasemi. Nitampeleka mwenyewe.

#15 Upepo wa Kusi

Mdogo wangu, Mungu akubariki kwa hiyo simu. Mpeleke kwanza kwa vidonda, ngozi baadae.

#16 Kaka Mkubwa

Nimepata miadi Jumanne saa tatu. Niende na nini?

#17 Upepo wa Kusi

Karatasi za operesheni ya kwanza hata kama zimechakaa, orodha ya dawa na vitamini unavyomeza kweli sio ulivyoandikiwa, uzito wako wa miezi sita iliyopita mwezi kwa mwezi. Omba wakupime damu picha kamili, chuma, B12, vitamini D, na protini ya damu. Muulize akionesha kazi zake ni za watu waliopungua kama wewe au ni za akina dada wenye kilo 60, maana ni kazi mbili tofauti, na muulize likitokea jambo saa nane usiku unampigia nani. Kama anataka kufanya tumbo na kifua siku moja muulize atachukua saa ngapi, zikizidi sana bora mara mbili.

Na uende na shemeji, asikie kwa masikio yake. Yeye ndo atakayekuinua kitandani.